Gome Linaua Bakteria: Kwa Kiasi Gani?

Ndugu watabibu wa tiba asili, wafamasia, wauguzi, na ninyi wanafunzi wa maabara mliosimama nyuma kwa kukosa viti, karibuni.

Tazameni picha iliyo ukutani. Hiyo ni sahani ya petri yenye agari ya Mueller-Hinton, kina chake milimita 4. Juu yake wameoteshwa Staphylococcus aureus, bakteria wa majipu na wa vidonda vinavyotoa usaha, nao wametanda sahani nzima kama utando wa maziwa yaliyopoa. Mnaona diski tatu za karatasi, kila moja kipenyo chake milimita 6. Ya kushoto imetiwa siprofloksasini, na pembeni yake pana duara safi lisilo na bakteria hata mmoja. Ya katikati imetiwa dondoo la gome la Warburgia ugandensis, mti ambao Wakikuyu wanauita muthiga na Wamaasai osogonoi. Nayo ina duara lake. Ya kulia imetiwa kiyeyusho kitupu, na bakteria wameota hadi ukingoni mwa karatasi, kama inavyotakiwa.

Anayeiona picha hii kwa mara ya kwanza hukimbilia kusema gome limefanya kazi ya siprofloksasini. Sasa sikilizeni kilichowekwa kwenye zile karatasi. Diski ya siprofloksasini inayouzwa kwa ajili ya vipimo hubeba mikrogramu 5 za dawa. Diski ya gome imebebeshwa miligramu 2 za dondoo, yaani mikrogramu 2,000. Ni mara 400. Hilo ndilo nililokuja kulisema leo. Kwamba mimea yetu inaua bakteria, halina ubishi tena. Swali ni inawaua kwa kiasi gani, na je, kiasi hicho kinaweza kumfikia bakteria mahali alipojificha mwilini bila kumdhuru mgonjwa mwenyewe?

Usugu wa vimelea dhidi ya dawa, au UVIDA kama tunavyoufupisha, hauhitaji kutiwa chumvi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu bakteria waliowashambulia hawakusikia dawa, na vifo milioni 4.95 vilihusishwa na bakteria sugu kwa namna moja au nyingine. Muuguzi wa wodi ya watoto wachanga hahitaji takwimu hizo ili aelewe. Anamjua mtoto aliyechomwa seftriaksoni siku ya tatu na homa haishuki, na anajua majibu ya maabara yanavyorudi yakiwa na herufi R, yaani sugu, mstari baada ya mstari.

Bakteria huwa sugu kwa njia chache, na inatupasa kuzijua kwa sababu kila mmea tunaoupima hugongana na mojawapo. Klebsiella na E. coli wengi wa hospitalini hutengeneza vimeng'enya vinavyoikata penisilini na jamaa zake kabla hazijafanya kazi. MRSA, yule Staphylococcus asiyesikia methisilini, ana protini nyingine iitwayo PBP2a, ambayo dawa haiwezi kushikana nayo vizuri, nayo inaendelea kumjengea ukuta wake. Wengine wana pampu utandoni zinazoitapika dawa nje kadiri inavyoingia. Na wale wa kundi la Gram-hasi wana utando wa pili, wa nje, wenye vitundu vyembamba ambavyo molekuli nyingi za mimea, kwa unene wake, hazipiti.

Huo utando wa nje pamoja na pampu ndivyo vinavyoeleza jambo ambalo kila aliyepima mimea amekutana nalo: dondoo lililomzuia Staphylococcus vizuri, likipelekwa kwa E. coli au Pseudomonas, ni kama maji. Usiilaumu mikono yako. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba pampu hizo zikizimwa kwa kemikali, au wakitumiwa bakteria waliozaliwa bila pampu, molekuli za mimea zilizoonekana dhaifu huanza kuwazuia hao Gram-hasi kwa kiasi kidogo sana. Kwa maneno mengine, sumu ipo. Haikai ndani muda wa kutosha.

Kazi yenyewe huanza mtini. Kabla ya kisu kugusa gome, kata tawi lenye majani, na maua au matunda kama yapo, likandamize kwenye magazeti, ulipeleke hebaria, ghala la mimea iliyokaushwa na kutambuliwa: ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Hebaria ya Afrika Mashariki kule Nairobi. Jina la kienyeji peke yake halitoshi. Mjafari, ambao wapo wanaouita mkunungu, ni Zanthoxylum chalybeum, lakini una ndugu zake wenye miiba ileile na harufu ileile ambao muuzaji wa sokoni atakupa kwa jina hilohilo. Ukipima mmoja leo na mwingine mwezi ujao, majibu yatapishana na hutajua kwa nini.

Kausha kivulini, kwenye tandiko la wavu linalopitisha hewa juu na chini, joto lisizidi nyuzi 40 za Selsiasi. Jani liwe kavu kiasi cha kuvunjika, gome liwe linakatika kwa sauti. Ukilirundika likiwa bichi litaota ukungu, na ukungu huo una sumu zake zinazoua bakteria. Utasifia mti kwa kazi ya kuvu. Ukilianika juani au ukalitia kwenye oveni ya nyuzi 100, mafuta yenye harufu yataruka na molekuli nyingine zitavunjika. Wachina walilijua hilo kwa gharama kubwa. Mradi wao wa dawa ya malaria, Mradi 523, ulianza mwaka 1967, na madondoo ya pakanga ya Kichina yalikuwa yakitoa majibu yasiyoeleweka, leo yanafanya kazi, kesho hayafanyi. Tu Youyou, mtafiti wa mradi huo, alirudi kwenye maandishi ya tabibu wa kale Ge Hong ya karne ya 4, yanayosema mmea ulowekwe kwenye maji na kukamuliwa, bila kutaja kuchemsha. Akaacha joto, akatumia etha inayochemka kwenye nyuzi 35 hivi, na mwezi Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikasafisha vimelea vyote kwenye panya. Malaria si bakteria, lakini somo la joto linatuhusu neno kwa neno: mtaalamu alikuwa sahihi, mmea ulikuwa sahihi, kosa lilikuwa jikoni.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja kwa wenzetu wa maabara: kabla ya kuchagua kiyeyusho chako, muulize tabibu yeye anafanyaje. Anachemsha? Dakika ngapi? Analoweka usiku kucha? Anatafuna tu? Andaa dondoo moja kwa njia yake, tuseme gramu 50 za gome ndani ya mililita 500 za maji, zichemke dakika 20 kama anavyofanya yeye, kisha ukaushe kwa baridi. Andaa na la pili kwa njia ya maabara. Mara nyingi la alkoholi ndilo lenye nguvu na la maji ni dhaifu, na hiyo ni habari muhimu kwa tabibu na kwa mgonjwa wake kuliko nguvu yenyewe.

Njia ya maabara, kwa kifupi, ni hii. Saga, pitisha kwenye chekeche laini, pima gramu 100. Mimina lita 1 ya ethanoli ya asilimia 80, au asetoni kama unataka kiyeyusho kinachochukua molekuli za aina nyingi na kukauka upesi. Tikisa saa 24, chuja kwa kitambaa halafu kwa karatasi ya Whatman namba 1. Rudia na masalio mara mbili. Kausha kwenye mashine ya kuvukiza inayozunguka, maji yake yakiwa nyuzi 40. Ukipata gramu 12, mavuno yako ni asilimia 12. Liandike, utalihitaji baadaye. Sasa pima uzito leo, acha kwenye kikausho, pima kesho. Uzito ukipungua, bado kuna alkoholi ndani, na alkoholi huua bakteria bila msaada wa mti wowote. Usiendelee mpaka uzito usimame. Hifadhi gizani, nyuzi 20 chini ya sifuri.

Turudi kwenye duara. Duara linasema ndiyo au hapana, basi. Ukubwa wake unategemea jinsi molekuli inavyosambaa ndani ya agari, na agari ni maji. Molekuli yenye asili ya mafuta, hata iwe kali namna gani, hubaki imeganda kwenye karatasi na kutoa kiduara kidogo. Nyingine dhaifu inayoyeyuka kwenye maji hutoa duara la kupendeza. Kulinganisha mimea miwili kwa milimita za duara ni kulinganisha mwendo wake ndani ya agari.

Kipimo cha kutegemewa ni kuzimua kwenye mchuzi ndani ya sahani ya vishimo 96, kutafuta kiwango kidogo kabisa kinachozuia ukuaji, kile tunachokiita MIC. Hesabu yake iwe hivi. Yeyusha miligramu 20 za dondoo kavu ndani ya mikrolita 200 za kiyeyusho kiitwacho DMSO: una miligramu 100 kwa mililita. Zimua mara 50 kwa mchuzi wa Mueller-Hinton: una miligramu 2 kwa mililita, na DMSO asilimia 2. Weka mikrolita 200 kwenye kishimo cha kwanza, na mikrolita 100 za mchuzi mtupu kwenye saba vinavyofuata. Chukua 100 kutoka cha kwanza, changanya kwenye cha pili, endelea hivyo hadi cha nane, na mikrolita 100 za mwisho zitupe. Bakteria nao walinganishe na kipimo cha McFarland 0.5, yaani ukungu wa mchuzi unaochafuka kwa wingi wa bakteria, ambao ni kama milioni 150 kwa mililita, kisha uwazimue mara 150 wabaki milioni 1. Ongeza mikrolita 100 za bakteria kila kishimo. Hapo kila kitu kinagawanyika kwa mbili: dondoo linaanzia mikrogramu 1,000 na kushuka 500, 250, 125, hadi 7.8, DMSO haizidi asilimia 1, bakteria ni laki 5 kwa mililita. Weka inkubeta nyuzi 35, saa 16 hadi 20.

Ukizidisha bakteria mara kumi, dondoo zuri litaonekana bovu. Ukiwapunguza, bovu litaonekana zuri. Majibu mengi yanayopingana kuhusu mmea mmoja yanatoka hapo, kwa mtu aliyekadiria ukungu kwa macho.

Madondoo ya majani ni ya kijani kibichi na ya magome ni ya kahawia. Huwezi kuona kama mchuzi umechafuka. J. N. Eloff wa Pretoria alitupatia njia rahisi mwaka 1998: ongeza mikrolita 40 za rangi iitwayo INT, miligramu 0.2 kwa mililita, subiri nusu saa au zaidi. Bakteria hai huigeuza kuwa nyekundu ya zambarau. Kishimo chenye dondoo kidogo kabisa ambacho hakikugeuka ndicho MIC. Lakini jihadharini: baadhi ya madondoo yenye polifenoli nyingi huigeuza rangi yenyewe, pasipo bakteria. Ndiyo maana tunasisitiza safu ya dondoo bila bakteria, safu ya bakteria na DMSO bila dondoo, safu ya mchuzi mtupu, na safu ya dawa inayojulikana. Kama umeweka E. coli ATCC 25922, bakteria wa kulinganishia wa maabara, na siprofloksasini, MIC yake lazima iangukie kati ya mikrogramu 0.004 na 0.016 kwa mililita. Ikiwa nje ya hapo, sahani nzima itupwe, hata kama safu ya mti wako imetoa jibu ulilolitamani.

Sasa tanini. Hizi zinastahili kusemwa kwa sauti kwa sababu zimewapotosha wengi. Magome ya mikoko, majani ya mpera, ganda la komamanga, vyote vimejaa tanini, zile zinazokausha ulimi. Tanini hushikana na protini yoyote iliyo karibu: ya bakteria, ya mchuzi, ya ngozi ya mbuzi kwa mtengeneza viatu. Kwenye sahani zinaonekana zinaua kila aina ya bakteria, na mtafiti anafurahi kwamba amepata dawa ya wigo mpana. Zikimezwa, zinashikana na ugali na maharage kabla ya kufika popote. Pitisha dondoo lako kwenye PVPP, ile poda inayokamata tanini, kisha rudia kipimo. Nguvu ikitoweka, umeshajua ulikuwa unapima nini. Haimaanishi mpera hauna kazi. Mgonjwa wa kuhara ana bakteria ndani ya utumbo, mahali ambapo tanini zinaweza kufika. Lakini usimwandikie mwenye maambukizi ya damu.

Tukipata MIC tuisomeje? Wanaofanya kazi hii wamekubaliana kwa kiasi kikubwa kwamba dondoo ghafi chini ya mikrogramu 100 kwa mililita linastahili kufuatiliwa kwa bidii, na juu ya 1,000 lisisumbuliwe tena. Kwa molekuli iliyosafishwa, mikrogramu 10 kwenda chini. Tuifanyie hesabu ya mwili. Chukua dondoo lenye MIC ya 500, ambalo wengi wangelisifu. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Kufikisha mikrogramu 500 katika kila mililita ya damu hiyo kunahitaji gramu 2.5 za dondoo, zote ziwe zimeingia kwenye damu na kubaki humo. Hazibaki. Husambaa kwenye maji ya mwili, ambayo kwa mtu wa kilo 70 ni kama lita 40. Sasa ni gramu 20. Kwa mavuno yetu ya asilimia 12, hizo ni gramu 167 za gome kavu kwa dozi moja, na hapo tumejipa bahati kwamba utumbo umefyonza kila kitu na ini halijavunja chochote. Kidonge kimoja cha siprofloksasini cha miligramu 500 hufikisha mikrogramu 2 au 3 kwa mililita ya damu, na hiyo ni mara mia na zaidi ya kinachohitajika kwa E. coli asiye sugu.

Hesabu hiyo isiwakatishe tamaa, kwa sababu dondoo ghafi ni mchanganyiko. Kama molekuli inayofanya kazi ni asilimia 1 tu ya dondoo, basi MIC ya 500 inaficha kitu chenye MIC ya 5, na hicho ni kitu cha kukimbilia. Njia ya kujua ni kuligawa: heksani kwanza kwa mafuta, halafu diklorometheni, ethili asetati, butanoli, maji yabaki mwisho. Pima kila fungu. Fuata fungu lenye nguvu, ligawe tena. Na kila mara hifadhi kidogo cha kila fungu ili uyachanganye upya na kupima, maana hutokea nguvu ikapotea mafungu yalipotengana, kisha ikarudi yalipokutana. Hilo si ajali ya maabara. Mmea wa Berberis ulitoa mfano safi, uliochapishwa mwaka 2000: una beberini, alkaloidi ya manjano ambayo peke yake ni dhaifu mbele ya Staphylococcus kwa sababu pampu yake iitwayo NorA huitapika, na mmea huohuo una molekuli ya pili, isiyoua kitu, inayoiziba pampu hiyo. Anayetafuta muuaji tu angeitupa hiyo ya pili. Huku kwetu tuna Berberis holstii kwenye milima yetu.

Hapa ndipo ninapoona tumaini kubwa zaidi, na ninalisema kwa uzito. Wafamasia, mnakiuza kila siku kidonge cha miligramu 625: amoksisilini 500 na asidi klavulaniki 125. Asidi klavulaniki yenyewe karibu haiui bakteria. Inakizima kile kimeng'enya kinachoikata amoksisilini. Yenyewe inatoka kwa bakteria wa udongoni, lakini kazi ya namna hiyo mimea inaiweza. Katekini moja ya majani ya chai, epikatekini galati, imeshusha MIC ya oksasilini kwa MRSA kutoka mikrogramu mamia hadi tarakimu moja, ndani ya mchuzi wa maabara. Kunywa chai hakufanyi hivyo, kwa kuwa molekuli hiyo huvunjwa tumboni na kinachofika kwenye damu ni kidogo mno. Ila imetuonyesha kwamba usugu unaweza kurudishwa nyuma. Kwa hiyo kila dondoo, hata lile dhaifu, lipimwe pamoja na dawa iliyoshindwa: dondoo likipungua kwa mistari, dawa ikipungua kwa safu, kama ubao wa bao. Gawanya MIC ya kila kimoja kikiwa pamoja na mwenzake kwa MIC yake kikiwa peke yake, ujumlishe hizo sehemu mbili. Jumla ikiwa 0.5 au chini, zinasaidiana. Ikizidi 4, zinagombana, na huo ndio ushahidi wa kumwambia mgonjwa asizinywe pamoja.

Kuna na njia ya kumnyang'anya bakteria silaha bila kumuua. Timu ya Cassandra Quave katika Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, ilionyesha mwaka 2015 kuwa dondoo la majani ya chestnati ya Ulaya huyakata mawasiliano ambayo Staphylococcus hutumia kuamua wakati wa kumwaga sumu. Bakteria waliendelea kuota, ila hawakuunguza ngozi. Angalieni: kwa kipimo cha duara au cha MIC, dondoo hilo lingeandikwa sifuri.

Mahali mimea itakapotusaidia mapema ni kwenye ngozi. Marhamu ya asilimia 2 ina miligramu 20 za dondoo kwa gramu, mikrogramu 20,000. Hiyo ni mara 40 ya ile MIC ya 500 tuliyoona haiwezekani kwenye damu. Kidonda, hata hivyo, si sahani. Kina usaha na protini, na bakteria wake wamejijengea utando wa ute ambamo huhitajika dawa mara mia au hata elfu zaidi. Muthiga ni mfano mzuri wa shida hii. Ukali wake mdomoni unatokana na molekuli kama poligodiali na muzigadiali, zenye aldehaidi mbili zinazokamatana na protini kwa haraka. Ndizo zinazomwumiza bakteria. Ndizo pia zinazokwisha kazi zikikutana na protini za usaha, na ndizo zinazouunguza ulimi. Rudia MIC ukiwa umetia asilimia 50 ya seramu kwenye mchuzi. Ikipanda kutoka 60 hadi 1,000, umeokoa miaka miwili ya kazi.

Sumu ipimwe mapema, kabla ya kusafisha molekuli. Tunatumia seli za wanyama zinazooteshwa maabara, kama zile za figo ya tumbili ziitwazo Vero: kiwango kinachoua nusu ya seli, ukigawe kwa MIC. Tunataka 10 au zaidi. Ikiwa 1, dondoo linaua kila kilicho hai, kama jiki. Mjafari una alkaloidi za kundi la kelerithrini, zinazoshikana na DNA; ya bakteria na yetu pia. Kwa hiyo chai nyepesi ya majani ni jambo moja, na dondoo la alkoholi la gome la mzizi ni jambo jingine kabisa, hata kama jina kwenye pakiti ni moja.

Watabibu, nawaomba mambo ambayo hayasubiri utafiti. Unga wa mizizi au gome uliokaushwa chini usiwekwe kwenye kidonda kibichi wala kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Udongo una mbegu za bakteria wa pepopunda, na mbegu hizo hustahimili hata maji yanayochemka, mmea hauzigusi. Mgonjwa anayekunywa rifampisini ya kifua kikuu au ARV asiongezewe dondoo zito bila kliniki kujua, kwa kuwa ini linalovunja dawa hizo ndilo linalovunja na zenu. Na mwenye homa inayopanda, anayetetemeka na kupumua haraka, au mtoto mchanga aliyeacha kunyonya, apelekwe hospitali damu yake ioteshwe kutafuta bakteria siku hiyohiyo. Hakuna gome tulilolipima linaloifikia damu kwa kasi hiyo.

Mwisho, mti wenyewe. Gome likibanduliwa mduara mzima, mti hufa, kwa sababu chakula kinachotoka kwenye majani hushuka mizizini kupitia humo. Ndugu wa muthiga wa kusini, Warburgia salutaris, ameshaingia kwenye orodha ya miti iliyo hatarini kutoweka kwa sababu ya kubanduliwa. Majani ya muthiga yana ukali uleule mdomoni. Yapimwe kwanza, sambamba na gome, na kama yanatosha tuliache gome. Ikibidi gome, kata kipande chembamba cha wima upande mmoja, au chukua kwenye tawi.

Na mkituletea sampuli, tafadhali msituletee kwenye mfuko wa plastiki, unatoa jasho. Karatasi ya kaki inafaa. Juu yake andikeni jina mnalouita mti, kijiji na mwezi mlioukata, sehemu mliyoikata, ugonjwa mnaoutibia, jinsi mnavyoiandaa, na kikombe cha ukubwa gani mgonjwa anapewa.